Aliyeachwa Mlangoni mwa Lifti

Binamu yangu Liuyan alikuwa na kazi ya kuwasha taa katika nyumba za watu wasiokuwepo.

Kila jioni, akitoka sokoni na mboga zake, alipitia jengo la Bustani ya Mto, akapanda ghorofa moja baada ya nyingine na kicha cha funguo kiunoni, akawasha taa ya sebule hapa, ya jikoni pale. Wenye nyumba walikuwa Penang, Jakarta, Sydney. Walikuja mara moja tu, kwa mabasi, wamevaa kofia nyekundu za kampuni ya kigeni iliyojenga, wakachagua nyumba kama watu wanaochagua kabichi, kisha wakaenda zao. Waliambiwa Baishi, mji wetu mdogo, utakuwa mji mkubwa, na treni ya kasi itafika. Ilifika kweli, ila treni nyingi hupita bila kusimama. Kwa hiyo taa ziliwashwa ili wanunuzi wapya, wakitazama kutoka ng'ambo ya mto, waone kwamba jengo lina watu.

Ndani mlikuwa na saruji tupu, bila rangi wala milango ya vyumba, kama nyumba zinavyouzwa kwetu. Liuyan alifungulia maji ili mabomba yasinuke. Alifungua madirisha, akayafunga. Ilikuwa kazi ya heshima, na alinisimulia kwa kucheka kwamba yeye ndiye tajiri mkubwa kuliko wote Baishi, maana ana nyumba nyingi na hakuna hata moja inayomnyima usingizi.

Mama yake, yaani shangazi yangu, alikuwa muuza tofu, ile jibini ya soya. Mvuke na maziwa ya soya vilimchoma viganja kwa miaka mingi hadi ngozi ikawa nyembamba kama karatasi, isiyoweza kugusa kitu bila kuuma. Uzeeni, macho yalipoingia ukungu, alitembea akipapasa kuta kwa mgongo wa mkono. Vifundo vinne vya vidole vilisugua ukuta taratibu, naye akihesabu kwa kunong'ona, mlango wa kwanza, mlango wa pili. Alifariki majira ya majani kupukutika, akachomwa kama ilivyo kwetu siku hizi, yakabaki majivu.

Kilima cha makaburi cha kijiji chao kilikuwa kimesawazishwa kupisha barabara ya kwenda kituo cha treni. Kaburi la jiwe kwenye Kilima cha Misonobari, makaburi mapya ya mji, kwa kila hatua ya ardhi lilikuwa ghali kuliko nyumba za Bustani ya Mto. Ilibaki sehemu ya miti: majivu huwekwa shimoni chini ya mche, bila jiwe, bila jina, kibao kidogo cha namba tu. Liuyan aliona akimlaza mama yake pale ndugu watasema amemfukia kama paka. Siku ya matanga, kaka yake, aliyekuja kutoka Dongguan anakofanya kazi, alipouliza mbele ya watu kuhusu kaburi, alijibu kwamba lipo tayari, la jiwe, lenye kuelekea mto. Watu walimsifu. Hapo mlango wa kurudi nyuma ukafungwa.

Kwake hakuweza kuyaweka majivu. Mama mkwe alisema mtoto wa kike akishaolewa haleti mfu wa kwao ndani ya nyumba ya watu. Ndipo akakumbuka nyumba 1703, ya Bwana Khoo wa Penang, ambaye tangu anunue hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Aliweka sanduku la majivu chumbani, juu ya stuli, akafunga pazia zito. Kwa muda tu, alijiambia; siri hiyo aliniambia mimi peke yangu. Mapazia mengine yaliyofungwa mchana kutwa katika jengo lile, kwenye nyumba ambazo hakuwa na funguo zake, alikuwa akiyaona siku zote, na hakuwahi kujiuliza.

Simlaumu. Nimefundisha shule miaka mingi, nimesoma visa vya watu wa kila namna, na nimeona kwamba wengi hawamwachi mzazi kwa ukatili. Humwacha kwa kuona haya.

Mwezi wa tatu kwetu ni mwezi wa unyevu. Upepo wa kusini huja na joto ghafla, na kuta zilizokuwa zimelala baridi huanza kutoa jasho. Sakafu hulowa, vioo hulia, nguo hazikauki. Siku moja asubuhi Liuyan alinipigia simu, akaniomba nimsindikize kazini. Hakusema sababu. Nilipofika alinishika mkono, akanipeleka ghorofa ya tatu, akanionyesha ukuta wa korido.

Ukuta mzima ulikuwa umefunikwa matone madogo. Katikati ya matone, kwenye kimo cha bega la mwanamke mfupi, palikuwa na mistari minne iliyosawazika, kama ya mtu aliyepita akiusugua kwa vifundo vya mkono. Ilianzia kwenye lifti. Ilifika mlango wa kwanza, ikakoma. Ikaanza tena, ikafika mlango wa pili, ikakoma.

Ghorofa ya nne ilikuwa hivyohivyo. Ya tano pia.

Tulipanda kwa ngazi. Ghorofa ya kumi na moja mistari ilifika mlango wa tatu, na hapo maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka kwenye mistari, kama ukuta umeguswa sasa hivi. Mbele ya pale, ukuta ulikuwa na matone yake yote. Haujaguswa.

Liuyan alininong'oneza, "Anatafuta mlango."

Nilimwuliza kwa nini atafute wakati sanduku liko juu. Alikaa kwenye ngazi zilizolowa, akaniambia.

Kwetu anayebeba majivu humwongoza marehemu kwa sauti. Ukifika darajani unamwambia, tunavuka daraja. Ukikata kona unamwambia. Ukiingia mlangoni unamwambia ainue mguu. Aliyekufa karibuni ni kama mgeni mjini: asipoambiwa, husimama palepale alipoachwa. Siku alipoyaleta majivu, Liuyan alimwambia mama yake darajani. Alimwambia getini. Lakini alipofika kwenye lifti, walikuwamo mawakala wawili wa nyumba na wanunuzi wa kigeni wenye kofia nyekundu, wote wakimtazama yeye na mfuko wake wa sokoni. Aliona haya. Akaingia, akanyamaza, milango ikajifunga.

Majivu yalipanda. Mama alibaki chini.

"Miezi yote hii," alisema. "Na macho yake yale."

Nilimshauri ashuke amwite. Tulishuka hadi ukumbi wa chini. Alisimama mbele ya lifti, akanong'ona, Mama, Mama, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa kando yake sikuisikia vizuri. Hakuna kilichotokea. Mlinzi, Mzee Wei, alikuwa mezani kwake akimenya chungwa, na Liuyan alikuwa akimtazama yeye kuliko alivyotazama lifti.

Mzee Wei ni mtu wa mzaha. Alimwita Liuyan kwa jina la ukoo, "Dada Pan, njoo nikuambie. Una wapangaji wakorofi huko juu."

Alisema simu ya mlangoni, ile inayounganisha kila nyumba na meza yake, imekuwa ikilia mchana. Leo nyumba hii, kesho ile, zote tupu. Akipokea, ni bibi. Sauti ya adabu, haigombi. Huuliza kitu kilekile kila mara. Liuyan alimwuliza anauliza nini, na Mzee Wei akaacha kumenya.

"Anauliza, hapa ni nyumbani kwa nani." Kisha akainamisha kichwa. "Mimi humjibu, bibi, umekosea mlango. Husema samahani, anakata."

Alisubiri tucheke. Hatukucheka. Naye, nadhani, hakuwa amekusudia tucheke.

Simu ya Liuyan ilitikisika mfukoni. Bwana Khoo alikuwa uwanja wa ndege wa mkoa na watu wawili wanaotaka kuinunua nyumba yake. Angefika adhuhuri.

Tulipanda kwa lifti kuchukua sanduku. Ndani ya 1703 kila kitu kilikuwa kinatoa maji: dari, bomba, mpini wa dirisha. Pazia lilikuwa limelowa likawa zito kama ngozi. Sanduku peke yake lilikuwa kavu. Lilikuwa na vumbi. Liuyan alilinyanyua, akanitazama, akanipa nilishike.

Lilikuwa jepesi mno. Kama sanduku ambalo halijawahi kuwekwa kitu.

Alilitia kwenye mfuko uleule wa sokoni. Mpango wetu ulikuwa tutoke kwa mlango wa nyuma, tumpeleke sehemu ya miti siku hiyohiyo, tusimwambie mtu. Ila lifti ilipofunguka chini, Bwana Khoo alikuwa tayari ukumbini na wageni wake, mume na mke waliovaa vizuri, na wakala kijana akiwagawia maji ya chupa. Bwana Khoo alimsalimu Liuyan kwa furaha. Aliwaambia wageni kwamba huyu dada ndiye anayeitunza nyumba yake kama ya mamake.

Liuyan alitabasamu. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu hadi masikioni.

Tulikuwa tumeshapita. Mlango wa nje ulikuwa mbele yetu. Simu ya mezani kwa Mzee Wei ikalia.

Hakuipokea. Ililia tena. Bwana Khoo alitazama taa ndogo inayoonyesha namba ya nyumba, akasema, ajabu, hiyo si yangu? Akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe, na sauti ikajaa ukumbini, nyembamba, yenye adabu.

"Samahani. Hapa ni nyumbani kwa nani?"

Nilimtambua shangazi yangu. Nilikuwa nikiisikia sauti ile kila alfajiri ya utoto wangu, ikipita na tofu mtaani.

Bwana Khoo alijibu kwamba hapa ni kwa Khoo, wewe nani, umeingiaje. Kisha sauti ikasema, "Samahani, mwanangu. Nimekosea tena."

Liuyan alisimama. Angeweza kutoka. Kazi yake ingebaki, kaburi la jiwe lingebaki kwenye midomo ya ndugu, na hakuna mtu pale aliyejua kilichomo mfukoni. Alinitazama, kisha akamtazama Mzee Wei, ambaye alitazama maganda yake ya chungwa.

Alilitoa sanduku mfukoni. Alilishika kwa mikono miwili kifuani, mbele ya watu wote, kama linavyopaswa kushikwa. Mke wa mnunuzi alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mama," Liuyan alisema, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Mama, ni Liuyan. Nilikuacha mlangoni kwa sababu niliona haya. Sina kaburi. Njoo, twende."

Lifti ilikuwa imesimama chini. Ikapanda yenyewe. Namba zilikimbia hadi kumi na saba, zikatulia. Ikaanza kushuka, ikasimama kumi na sita. Ikasimama kumi na tano. Ikasimama kila ghorofa.

Ilifunguka. Haikuwa na mtu. Kuta zake za chuma zilikuwa na jasho, na mistari minne ilishuka pembeni, mibichi.

Sanduku lilimvuta Liuyan mikono. Niliona viwiko vyake vikishuka kwa uzito. Alilia, akasema, "Mama, tunatoka kwenye lifti. Inua mguu."

Ndipo kengele ikalia ndani ya lifti.

Mzee Wei alikuwa wa kwanza kuielewa. Ilikuwa kengele ya uzito. Hulia lifti ikijaa watu kupita kiasi, na hainyamazi mpaka wengine watoke. Lifti ilikuwa wazi, tupu, mbele ya macho yetu. Ililia kwa muda mrefu. Kisha ikanyamaza, polepole, kama kundi linalotoka mmojammoja.

Milango ikajifunga. Ikapanda tena. Ikasimama kila ghorofa tena.

Nilifikiria yale mapazia. Nyumba zote zile za saruji, na watu wa mji wetu walioingia na majivu ya wazee wao katika mifuko ya sokoni, wakiwa wamebana midomo ndani ya lifti. Hakuna aliyewahi kumwita mfu wake. Hii ilikuwa sauti ya kwanza.

"Usigeuke," nilimnong'oneza.

Hakugeuka. Alitembea akisema, Mama, huu mlango. Mama, hili daraja, lina upepo. Nyuma yetu barabara ilikuwa tupu, lakini mbwa wa duka la matairi, anayebwekea hata kivuli, alijikunja chini ya gari akanyamaza, akatazama tukipita. Alitazama kwa muda mrefu baada ya sisi kupita.

Tulimlaza sehemu ya miti, chini ya mche wa mkafuri. Liuyan alimpigia kaka yake simu akiwa bado amepiga magoti, akamwambia yote. Kaka hakumgombeza. Aliuliza namba ya kibao tu, na hilo lilimwuma kuliko kugombezwa.

Kesho yake asubuhi, tuliporudi makaburini, mtunza makaburi alitufuata njiani, amekasirika. Alisema kuja na ukoo mzima si neno, lakini watu wakikaa mpaka giza, wafagie kabla ya kuondoka. Liuyan alimwambia tulikuwa wawili. Alitutazama kama anayetazama waongo, akatuonyesha.

Kuzunguka mche, majani yalikuwa yamelala, yamebanwa na watu waliokaa wakielekeana, duara ndani ya duara, hadi kwenye uzio. Na kila mahali palitapakaa maganda ya mbegu za alizeti, vilima kwa vilima, kila moja limepasuliwa katikati kwa meno ya mbele, kama wanavyokula watu wenye maongezi marefu.

Liuyan alipiga magoti akaanza kuyakusanya kwa mikono, akiomba radhi kwa watu asiowajua majina. Niliinama kumsaidia.

Maganda yalikuwa bado na mate.