Chumba cha Kusema Mara Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, Redio alipiga pasi mashati ya mjomba wake, aliyekuwa akimlea yeye na mdogo wake. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, maana mdomo wake haukujua likizo. Mjomba alikuwa bwana nadhifu ajabu. Kola yake ilisimama wima, na majirani walimwamkia kwa heshima zote. Hawakujua kwamba unadhifu wake uliishia kwenye nguo. Siku Redio alipounguza shati moja, bwana huyo aliichukua pasi ya moto akambandika nayo mkononi.

Redio alimweleza mwalimu mkuu, ambaye alisikiliza nusu, akanywa chai yake nusu nyingine, kisha akampeleka polisi. Huko askari wa zamu alimhoji kaunta, mbele ya watu waliokuja kuripoti baiskeli zilizoibwa.

"Ulimfanya nini mjomba mpaka akasirike?" aliuliza huku akitafuna karanga. Swali la kipumbavu lile, naye aliliuliza kwa kujivuna.

Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ikataka asimulie upya toka mwanzo. Watu wazima wote hao, na vyeo vyao, hakuna aliyejisumbua kumpigia mwenzake simu.

Alipofika hospitalini, muuguzi alimuuliza kilichompata. Redio aliinamisha kichwa.

"Nilianguka jikoni."

"Mwanangu, hii ni alama ya pasi."

"Nimechoka kusema, mama. Andika tu nilianguka."

"Nikiandika hivyo, jioni unarudi kwa mjomba. Na mdogo wako je?"

Redio akaangua kilio. "Ameanza kufundishwa kupiga pasi."

Muuguzi hakuwa mtu wa hasira, lakini siku hiyo zilimpanda. Aliwaita wote, yule askari na afisa wa ustawi, akawaketisha chumba cha pili. Akamwonyesha Redio walipo.

"Mtoto ataongea na mimi peke yangu," aliwaambia. "Nyinyi mtasikiliza kupitia mlango huu, midomo imefungwa."

"Huo si utaratibu," askari alinung'unika.

"Utaratibu wenu ndio uliomfundisha mtoto kusema uongo!"

Redio alisema yote, mara moja, mpaka mwisho. Usiku huo yeye na mdogo wake walilala kwa bibi yao. Mjomba alilala mahabusu, na asubuhi shati lake lilikuwa limekunjamana vibaya sana.

Muuguzi hakuishia hapo. Aliomba stoo ya vitanda vibovu, akaipaka rangi, akatandika mkeka na kuweka viti vifupi. Akawashurutisha polisi, daktari na ustawi wa jamii waje hapo kwa mtoto, badala ya mtoto kuzungushwa kwao.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi alichelewa, likatangulia tumbo, yeye akafuata. Hakuwahi kuchangia hata brashi, lakini alijisifu mpaka jua likawa kali. Kisha akaangaza macho.

"Yuko wapi yule binti? Aje atusimulie, watu waguswe!"

Mwalimu mkuu, kwa haraka ambayo siku ile hakuwa nayo, alimsukuma Redio mbele. Redio alikitazama kipaza sauti.

"Shikamoo, mheshimiwa. Chumba hiki kimewekwa ili mtoto asirudierudie. Mimi nilishasema."

Mgeni rasmi alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Muuguzi alikichukua kipaza sauti, akawageukia watoto. "Wanangu, mtu akikuumiza, awe nani kwako, mwambie ukweli mtu mzima unayemwamini. Usimfichie siri aliyekuumiza. Kazi yako ni kuusema ukweli. Kuufikisha panapostahili ni kazi yetu sisi wakubwa, na tulioikwepa tunajijua."

Mwalimu mkuu alikohoa. Askari alitazama viatu vyake.

Redio alirudi kuketi kando ya mdogo wake, akaanza kumsimulia habari za paka wa bibi. Hakunyamaza mpaka walipofika nyumbani.