Aliyeitwa Bila Jina

Kwenye mlango wa basi Miaomiao aliinua mguu juu mno, kama anavuka kizingiti kirefu, na mlango wa basi hauna kizingiti. Bibi yake, Geng Shuzhen, aliliona hilo akalipuuza. Alikuwa bado ana hasira.

Na hasira zenyewe zilikuwa za haki. Walikuwa wazee wa mtaa mmoja wa mji wa Baoding, wamekuja Beijing kutembea siku moja: asubuhi kasri la wafalme, mchana masokoni. Kiongozi wao, Tao Lirong, dada mwenye kibendera cha njano na kipaza sauti, aliwaswaga kama mbuzi kutoka ua hadi ua, maana duka la hariri lilikuwa linawasubiri. Kwenye ua wa nyuma, walikolala wajakazi wa zamani, Miaomiao alipanda juu ya kizingiti. Alikuwa na miaka sita tu, jamani. Tao akamvuta mkono, akampigia ukelele wa kipaza sauti sikioni, mtoto akaanguka. Alipoinuliwa hakulia. Macho yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu.

Kila bibi wa kwao anajua maana yake: roho imeshtuka, ikabaki pale mtoto alipoanguka. Unamvua koti, unalipigapiga pale chini, unamwita kwa jina mara tatu arudi nyumbani, naye akiitika umempata. Shuzhen akapiga magoti. Tao akamsimamia kichwani, akimwambia aache ushamba wake, watu thelathini wanamngoja yeye. Shuzhen alikuwa amekabwa na ghadhabu, akaita kwa papara.

"Mtoto, njoo twende nyumbani. Bibi anakuita."

Mara tatu hivyo hivyo. Ya tatu mtoto akaitika, "Nakuja," kwa sauti ya chini, akasimama mwenyewe, akajifuta vumbi.

Sokoni, Miaomiao ambaye siku zote alilia hadi anunuliwe matunda yaliyopakwa sukari kwenye kijiti, alipita mbele ya muuzaji bila kugeuka. Alitembea hatua tatu nyuma ya bibi, kichwa chini, mikono ndani ya mikono ya koti. Alinuka. Mwanzo Shuzhen alidhani ni mtaro, lakini harufu ilikuwa ya mafuta ya taa za kale na nguo zilizokaa miaka bila kuona jua, nayo ilimfuata kila kibanda alichoingia.

Ndani ya duka la hariri Tao alikuwa anawahimiza wazee wanunue. Miaomiao alipiga magoti mbele ya rundo la vitambaa akaanza kukunja, pindo kwa pindo, upesi, vidole havikosei, na wauzaji wakacheka na kumsifu, na Shuzhen, aliyemfundisha mtoto huyo kufunga kamba za viatu wiki iliyopita na mtoto akashindwa, alihisi nywele zikimsimama.

Akainama. Akanong'ona, "Wewe nani?"

Mtoto hakuacha kukunja. "Uliyemwita."

"Mimi nimemwita mjukuu wangu."

"Hukutaja jina. Langu walininyang'anya siku waliyoniingiza kasrini kuwa mjakazi. Nikadhani hatimaye ni zamu yangu ya kwenda nyumbani." Akainua macho, na yalikuwa yamechoka kama ya mwanamke mzima. "Huko nyumbani, Bibi, watu hulala saa ngapi? Naruhusiwa kulala?"

Shuzhen alimbeba yule kiumbe mgongoni, akamwendea Tao, akamnyang'anya kipaza sauti mkononi akakibwaga chini mbele ya wateja.

"Unarudisha basi kasrini sasa hivi," alisema, "au nakung'oa meno."

Tao alianza kumwita mwendawazimu, lakini wazee wa Baoding walikuwa wameshamchoka tangu asubuhi, wakamsukuma hadi ndani ya basi, na njia nzima mikono midogo iliyokuwa shingoni mwa Shuzhen ikawa inazidi kuwa mizito na ya baridi.

Lango la kasri lilikuwa limefungwa. Mlinzi alisema kesho Jumatatu, kasri halifunguliwi, waje Jumanne. Shuzhen alimtukana yeye na waliomwajiri na waliojenga kuta hizo. Kisha akasogea hadi ukingo wa mfereji wa maji unaozunguka kasri, na safari hii akaita kwa jina kamili la mjukuu wake, kwa nguvu zote za kifua chake, "Pang Yumiao! Pang Yumiao, njoo twende nyumbani!"

Kutoka ndani ya ukuta sauti ya mtoto ilijibu, mbali. "Bibi! Mlango umefungwa!"

"Nakuja, Pang Yumiao, kaa hapo hapo," alilia Shuzhen, na yule wa mgongoni akaweka midomo ya baridi sikioni mwake.

"Hukupaswa kulitaja hilo jina," alisema kwa huruma. "Humo ndani tuko wengi, na wote wamesikia."

Nyuma ya ukuta zikaanza sauti za wanawake, moja, kisha kumi, kisha zisizohesabika, laini, zenye subira, zikiita kutoka kila ua, "Pang Yumiao, njoo twende nyumbani. Pang Yumiao, njoo."

Mara ya tatu, kule ndani ya ukuta, mtoto akawaitika.