Bahasha ya Manjano ya Leona

Jumamosi asubuhi jiko la kanisa lilikuwa limejaa mvuke na maneno. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamezunguka meza ndefu, mikono imejaa unga. Walikuwa wakitengeneza pierogi. Unasukuma unga, unakata duara, unaweka viazi na jibini katikati, kisha unakunja na kubana kingo kwa vidole. Usipobana vizuri, vinafumuka kwenye maji ya moto na unabaki na uji.

Leona Yurkanin ndiye aliyeshika oda. Alikuwa na miaka sabini na sita, na tangu ujana wake hakuna oda iliyowahi kupotea mikononi mwake. Alisimama mbele ya jiko na kusoma kwa sauti kutoka kwenye kikaratasi.

"Olga Petrick, dazeni tatu za viazi. Na amesema tusizidishe vitunguu."

"Olga naye!" wenzake wakacheka. "Tangu lini vitunguu vikamshinda?"

Bernadine Sabol, jirani yake Leona, alikuwa anafuta mikono kwa aproni. Bernadine alikuwa dereva wa basi la shule kabla ya kustaafu. Siku hizi ni msimamizi wa kituo cha kupigia kura cha mtaa wao. Majirani wenyewe ndio waliomchagua kwa kazi hiyo. Alikitazama kile kikaratasi mkononi mwa Leona. Kilikuwa cha manjano. Kicheko kikamwisha usoni.

"Leona, hebu nione hiyo."

"Ni oda tu, mwenzangu."

Bernadine aliichukua na kuigeuza. Haikuwa karatasi. Ilikuwa bahasha, na upande wa pili ilikuwa na maandishi makubwa: Karatasi Rasmi ya Kura.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ilikuja na zile karatasi za kura za posta. Zilikuja mbili, yangu na ya mzee wangu Vasil. Nikaona bahasha nzuri, nzima, haina kazi. Nitaitupaje? Hii nikaiandikia oda, nyingine iko nyumbani."

Bernadine alimshika mkono, akamvuta hadi pembeni, karibu na friji.

"Leona. Karatasi zenu za kura mlizitia ndani ya nini?"

"Ndani ya bahasha kubwa. Ile yenye anwani. Nikasaini, Vasil akasaini, tukaweka tarehe, nikapeleka posta. Wiki mbili sasa." Leona aliitazama ile bahasha mkononi mwa Bernadine. "Kwani vipi?"

"Hii ya manjano ndiyo ya ndani. Kura inaingia humu kwanza. Halafu hii inaingia kwenye ile kubwa."

"Sasa nisipotia?"

"Kura haihesabiwi."

Leona alikaa juu ya ndoo ya unga iliyofunikwa. Hakuwaza kura yake. Alimuwaza Vasil. Mikono ya mumewe hutetemeka, kwa hiyo yeye Leona ndiye aliyekunja karatasi zote mbili na kuzifunga. Ameharibu ya kwake, sawa. Lakini ya mumewe pia!

"Mungu wangu, Bernadine. Nimemharibia kura yake."

"Usilie kwenye unga wa watu. Nisikilize kwanza. Kwa nini kuna bahasha mbili? Ile kubwa ina jina lako na sahihi yako. Ofisini wanaiangalia wajue ni wewe kweli. Wakisharidhika, wanatoa hii ya ndani. Hii haina jina. Wanaichanganya na nyingine, ndipo wanafungua. Hapo hakuna anayejua Leona kamchagua nani. Bila hii, anayefungua anaona jina lako na kura yako pamoja. Siri imekwisha."

"Hiyo siri nilikuwa nayo mimi, sikumwambia mtu yeyote!"

"Ukitupa viazi kwenye maji yanayochemka bila unga, utakula nini?"

Leona aliitazama meza ya pierogi. Hilo alilielewa vizuri kuliko maelezo yote.

"Leo Jumamosi, ofisi ya kaunti imefungwa," alisema Bernadine. "Jumatatu asubuhi tutapiga simu tujue wamezikuta vipi. Uchaguzi ni Jumanne. Bado kuna njia, lakini nataka uisikie kwao wenyewe. Na mwambie mzee."

"Nitamwambia," alisema Leona. Lakini hakumwambia.

Jumapili baada ya ibada, Vasil alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, mrija wa oksijeni puani. Alikuwa amefanya kazi mgodini tangu kijana. Vumbi la makaa lilibaki kwenye mapafu yake, na sasa kupanda ngazi tano kulikuwa kazi ya nusu saa. Kila mwezi alikwenda kliniki ya mapafu ya wachimbaji, na kliniki hiyo ilitegemea fedha zinazopitishwa na Bunge huko Washington.

Mwaka huo, kama kila baada ya miaka miwili, wilaya zote kumi na saba za uchaguzi za Pennsylvania zilikuwa zinachagua wawakilishi wao, kila wilaya mmoja. Katika wilaya ya akina Leona wagombea wawili walikuwa sako kwa bako. Mara ya mwisho waliachana kwa kura mia chache tu. Vasil aliwasikiliza wote wawili redioni, akauliza maswali kwa sauti kana kwamba wanamsikia, akatukana kidogo, kisha akaamua. Aliamua kumpa nani, hiyo ni siri yake, na mimi si mtu wa kuitoboa.

Televisheni ilionyesha watu wakihojiwa juu ya uchaguzi. Vasil alitabasamu.

"Wacha wao wahangaike, mama. Sisi tumeshamaliza. Labda hii ndiyo ya mwisho kwangu, lakini nimeipiga."

Leona aligeuza uso. Alinyanyuka akajifanya anaosha sufuria iliyokuwa safi. Mbele ya macho yake, kwenye msumari karibu na mlango, kilining'inia kipande cha shaba chenye namba 214. Zamani kila mchimbaji alikuwa na kipande chake. Akishuka mgodini anakichukua ubaoni, akitoka anakirudisha. Msumari ukiwa mtupu, mtu bado yuko chini. Siku moja king'ora kililia, na Leona, bibi harusi wa miezi minne, alikimbia hadi kwenye ule ubao akitafuta 214. Msumari ulikuwa mtupu. Alisimama pale kwa muda wa saa sita mpaka Vasil alipotoka na kukirudisha. Hofu ya siku ile ndiyo iliyomrudia sasa jikoni mwake, na aliionea aibu, maana safari hii aliyesababisha ni yeye.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Bernadine alikuja. Walipiga simu kutoka sebuleni kwake Leona, sauti chini. Mwanamke wa ofisi ya uchaguzi aliuliza majina na tarehe za kuzaliwa. Wakasubiri. Leona aliusokota waya wa simu mpaka kidole kikawa cheupe.

"Ndiyo, mama. Bahasha zenu mbili zimewekwa kando. Hazina bahasha ya siri. Tulituma taarifa kwa barua pepe."

"Barua pepe ni ya binti yangu, naye haifungui tena!"

"Basi msikilize. Katika kaunti yetu, kesho nendeni kituoni kwenu wenyewe, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Ombeni kura ya muda. Kura hiyo inawekwa pembeni. Tukihakikisha kwamba ile ya posta haikuhesabiwa, hii ndiyo itakayohesabiwa."

"Naweza kupiga kura kwa niaba ya mume wangu? Yeye ni mgonjwa."

"Hapana, mama. Lazima aje na asaini mwenyewe."

Leona aliweka simu chini. Alipogeuka, Vasil alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta, anahema.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

Ikabidi aseme yote. Alisema huku analia, maneno yanagongana. Bahasha, oda, posta, ofisi. Vasil alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarekebisha mrija puani, na Leona akatamani amfokee.

"Sasa niambie," alisema Vasil. "Kwenye bahasha ya kura umeandika oda ya nani?"

"Ya... ya Olga Petrick. Dazeni tatu."

"Olga! Kura nimpe Olga Petrick, ambaye hata vitunguu hali?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Leona alimkalisha. Alipopata pumzi, hakuwa anacheka tena. "Wiki mbili nimejisifu kama jogoo. Ungeniambia juzi, Leona."

"Niliogopa. Na daktari amekukataza baridi."

"Daktari hapigi kura mtaa huu. Kesho tunakwenda."

Jumanne ilikuwa na baridi kali na theluji nyepesi. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa zimamoto. Bernadine alikuwa amewaambia waje katikati ya asubuhi, foleni inapopungua, na wapitie mlango wa nyuma usio na ngazi. Lakini foleni haikupungua. Vasil alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni mapajani, na Leona hakuondoa macho kwenye mshale wa mtungi. Ulikuwa unashuka taratibu.

Walipofika mezani, karani alitafuta majina yao kwenye kitabu. "Hapa panaonyesha mmeshatumiwa kura za posta."

Mwanamume nyuma yao akanyoosha shingo. "Kumbe! Wenzetu mnapiga mara mbili?"

Uso wa Leona uliwaka moto. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Bernadine alikuja na kusimama kati yao.

"Hakuna anayepiga mara mbili hapa, ndugu yangu. Za kwanza zilikosewa na hazitahesabiwa. Hizi zinafungwa kando, ofisi inakagua kwanza. Itahesabiwa moja tu kwa kila mtu. Na huyu mzee amekuja na mtungi wake kwenye theluji. Wewe umekuja na nini?"

Mwanamume akainamisha kichwa. Baadaye kidogo akasogeza kiti kilichomzuia Vasil njia.

Waliketi kila mtu kwenye kona yake. Kabla ya kupewa karatasi, walisaini mara ya kwanza kwenye bahasha kubwa. Leona akaweka alama zake. Kisha akaziona: bahasha mbili tena, ndogo na kubwa. Akazigusa moja moja. Alitia karatasi kwenye ndogo. Akaifunga. Akaifungua tena moyoni mara tatu. Akatia ndogo ndani ya kubwa.

Upande wa pili Vasil alikuwa anapigana na yake. Karatasi ilikataa kuingia, ikakunjika pembeni. Leona alinyanyuka kwenda kumsaidia.

"Kaa chini," alisema Vasil bila kuinua macho. "Safari hii nabana mwenyewe."

Ilimchukua dakika nne. Alipomaliza alianza kuzungusha kiti aondoke.

"Mzee!" Bernadine aliita. "Bado sahihi ya pili. Ya kwanza ni kabla ya kupiga, ya pili ni baada ya kupiga. Ukiacha moja umepoteza safari."

Vasil alishika kalamu kwa mikono miwili. Y ilipanda, r ikashuka, lakini jina lilisomeka. Bernadine na karani mwenzake wakasaini nao. Kisha Leona na Vasil wakapewa kila mmoja risiti ndogo yenye namba ya kuulizia.

"Kwa hiyo imehesabiwa?" Leona aliuliza.

"Bado. Ofisi ina siku saba za kuamua. Mtapiga simu na kutaja namba hii."

Siku zile hazikwenda. Kufikia Alhamisi wilaya nyingi za jimbo zilikuwa zimejua wawakilishi wao. Yao bado. Televisheni ilisema wagombea wamekaribiana mno, kila kura inasubiriwa. Leona hakulala vizuri. Ijumaa alipiga simu: bado. Jumatatu: bado. Vasil alikaa na risiti yake mfukoni mwa shati, na baridi ya Jumanne ilikuwa imemwachia kikohozi kibaya. Leona alijiuliza kama alimpeleka kule kwa faida au kwa hasara.

Jumanne iliyofuata alipiga tena. Alitaja namba yake.

"Imehesabiwa, mama."

"Na hii nyingine." Vasil akamshikia risiti yake; Leona akavaa miwani na kusoma namba polepole, tarakimu moja moja. Akasubiri. Alisikia upande wa pili mtu anabonyeza vitufe, anabonyeza tena.

"Yurkanin, Vasil. Imehesabiwa."

Leona alivua miwani. Alimgeukia mumewe na kumwitikia kwa kichwa. Vasil aliomba asikie mwenyewe. Akapewa simu, yule mwanamke akarudia.

Mshindi wa wilaya yao alitangazwa siku tatu baadaye. Nusu ya mtaa ilifurahi, nusu ikanuna, kama kawaida. Leona alinunua daftari la oda, akaiweka ile bahasha ya manjano jikoni kanisani, juu ya friji. Majira ya kuchipua, kura za posta zilipofika tena, aliishusha na kuwaonyesha wenzake kumi.

"Ndogo ndani ya kubwa," alisema. "Sahihi nje, na tarehe ya siku hiyo. Mkikosea msikae na siri kama mimi. Pigeni simu ofisini siku hiyo hiyo. Kuna njia, lakini siku hazingoji."

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ya simu, Vasil aliinuka kwenye kiti chake. Alikwenda hatua moja moja, akishika meza, akishika jiko, hadi mlangoni. Akaitoa risiti mfukoni, akaitundika kwenye msumari, juu ya kipande cha shaba namba 214.

"Haya, mama," alisema akihema. "Tumetoka wote wawili."