Mguu wa Tatu

Transista aliyoifuta Nuzhat Jumatatu, Jumanne asubuhi ilikuwa imerudi.

Hakushtuka. Maktaba ile ya vipuri, ndani ya programu ya kujaribia saketi, aliijenga mdogo wake Sajawal, aliyekuwa akikaa kiti cha jirani yake kazini, na ilikuwa vurugu tupu kama mwenyewe alivyokuwa. Kila kipuri alikipima kwa mkono wake na kukiandikia kijineno: "Huyu mvivu, msimpe kazi nzito." Kisha mafuriko ya mto Chenab yakamchukua, na mwili haukuonekana. Sasa Mian Rafaqat, mwenye karakana ya stabilaiza za umeme pale mjini Gujranwala, alitaka maktaba ipangwe kwa mafolda, na vilivyojirudia vifutwe. Nuzhat alikubali huku roho ikimuuma. Mdogo wake hakuwa na kaburi. Alikuwa na faili zile tu.

Akaifuta tena. Adhuhuri wenzake walipokwenda kula, alisikia ndara zilizolowa zikiburutwa nyuma yake, chwaa, chwaa, harufu ya tope la mto ikamjaa puani, na alipoinua macho transista ilikuwa pale pale kwenye kioo cha kompyuta, na kijineno chake kimebadilika, kimeandikwa kwa utani uleule wa Sajawal ambao hakuna mwingine aliyeujua: "Baji, dada yangu, unanifukuza hata kwetu?"

Programu ikagoma. Kila saketi aliyoijaribu ilileta onyo moja: kipuri hiki hakina njia ya kufika ardhini.

Jioni alimweleza Maulvi, shehe wa mtaani kwao.

"Binti yangu, mlimsalia, lakini udongo hamkumpa," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu ana jini aliyezaliwa naye. Huyo wa Sajawal hajui kama mwenzake amekufa. Mpe udongo, viganja vitatu, ataondoka."

"Nimpe wapi, Maulvi sahib? Kaburi sina."

"Pale anapokuita."

Kesho yake, adhuhuri, Nuzhat aliifungua transista. Ina miguu mitatu. Akauunga wa kwanza kwenye alama ya ardhi ya saketi, akinong'ona kama wanavyonong'ona makaburini kwa kila kiganja cha udongo: kutokana nayo tumekuumbeni. Ndara zikanyamaza. Akauunga wa pili: na humo tunakurudisheni. Harufu ya tope ikapungua mpaka akaanza kuisikia nyingine chini yake, ya mafuta ya haradali aliyokuwa akipaka nywele Sajawal.

Mkono ukamfia juu ya mguu wa tatu. Alijua akiumaliza, harufu ile hataisikia tena mpaka kiama. Akalia. Akaifunga faili mguu wa tatu ukiwa haujaungwa, akaificha katika folda yake peke yake.

Mian Rafaqat husifu mpaka leo jinsi maktaba ilivyonyooka. Hajui kwamba kila adhuhuri kiti cha Sajawal hulowa maji, na kwamba Nuzhat hukifuta kwa dupatta, mtandio wake, kabla wenzake hawajarudi kutoka kula.