Alama Kumi za Kona

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, Kasuku na wenzake wa darasa la tano walikwenda kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, kila mmoja na kitabu chake kwapani. Jina la Kasuku alipachikwa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kazi ya watoto hao ilikuwa kuwasomea mbwa na paka kwa sauti.

"Kwani mbwa anajua kusoma?" baba yake alimtania.

"Hajui, baba. Ila anajua kusikiliza."

Wengi wa wanyama wale walikuwa wamepigwa, na kwao sauti ya mtu ilikuwa na maana moja tu: fimbo. Mtoto alipokaa nje ya kizimba akasoma polepole, mnyama alijifunza kidogo kidogo kwamba sauti haiumi. Mtunzaji wa kituo aliitwa Mama Funguo, kwa ajili ya funguo zilizolialia kiunoni mwake. Alitundika kadi kwenye kila kizimba. Ukisoma nusu saa, unaweka alama moja. Mnyama akifikisha alama kumi, huonyeshwa kwa familia inayotaka kumchukua.

Kasuku alipangiwa Kona, mbwa wa rangi ya majivu aliyeshinda amejikunyata pembeni, uso ukutani. Siku ya kwanza alimsomea hadi koo likakauka. Kona hakutikisa hata sikio.

"Wewe, unamsomea mkia!" alicheka Miwani, rafiki yake aliyesomea kizimba cha jirani. "Njoo huku kwa watoto wa mbwa, utapata wasikilizaji!"

Kasuku alivumilia Jumamosi tatu. Ya nne alihamia kwa watoto wa mbwa, na wakati wa kuondoka akaweka alama kwenye kadi ya Kona. Moyo ulimdunda. Ya tano ulidunda kidogo. Kufikia ya saba, haukudunda kabisa.

Jumamosi ya kumi na moja alikuja fundi cherehani pamoja na binti yake wa miaka minne. Mama Funguo aliitazama kadi.

"Kumi kamili! Kasuku, mwanangu, hongera."

Kasuku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani, neno halikutoka.

Mlango wa kizimba ulifunguliwa. "Mbwa! Mbwa wangu!" mtoto alipiga kelele za furaha, akanyoosha mkono.

Kona aliruka. Krraa! Mkono wa sweta ya mtoto ukachanika kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Kitufe kilidondoka, kikabingirika kwenye sakafu ya saruji. Kisha mtoto akaangua kilio, na baba yake akamnyakua.

Mama Funguo alimwosha mkono kwa sabuni, akaukagua mara mbili. Meno hayakugusa ngozi.

"Alama kumi na bado anauma," alisema kwa sauti ya chini, akachomoa kalamu nyekundu. "Huyu sitamtoa tena. Atabaki humu maisha yake yote."

Hakuna aliyemtazama Kasuku. Lawama zote zilikuwa kwa mbwa. Kona naye alikuwa amerudi pembeni, anatetemeka mwili mzima, amejikojolea kwa hofu.

"Mama, usiandike!" Kasuku alilipuka. "Alama ni tatu tu! Nyingine niliziweka bila kumsomea."

Miwani alishika kinywa.

"Binti, ungenilemazia mwanangu," fundi alisema.

"Nisamehe, baba. Kosa si la mbwa. Ni langu."

Mama Funguo alirudisha kalamu mfukoni polepole. "Na mimi nina langu. Nilitazama kadi, sikumtazama mbwa." Akaichana kadi ile, akatundika mpya isiyo na alama hata moja. "Anza upya. Safari hii tutakaa wote."

Wakakaa. Wiki ya tano Kona aligeuza shingo. Ya nane alisogea, akalaza pua karibu na kiatu cha Kasuku.

Siku moja alikuja nesi mstaafu aliyeishi peke yake, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amewahi kufuga mbwa waoga. Akaisoma kadi ya Kona, ambayo sasa ilikuwa na tarehe ya kila Jumamosi.

"Jumamosi kumi, alama tisa. Ya kumi iko wapi?"

"Shikamoo, bibi. Siku moja nilisinzia," Kasuku alijibu.

Nesi alicheka. "Marahaba. Basi hizo tisa naziamini. Nitakuja kukaa naye hapa mpaka anizoee, kisha nitamchukua."

Mama Funguo alimtazama mbwa, si kadi, akakubali. Wiki tatu baadaye Kona alitoka getini akitembea kando ya nesi. Mama Funguo alimshika Kasuku begani.

"Mwanangu, uongo ukiuandika haulali kwenye karatasi. Huamka siku moja ukamuuma asiye na hatia. Bora tisa za kweli kuliko kumi za kujaza."