Kitumbo, Samaki wa Birikani

Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, muachie mwenzio nywele zake. Haya.

Palikuwa na mtoto, jina lake Somoe. Miaka sita, meno ya mbele hana.

Somoe aliishi kwenye nyumba ya mawe, yeye na bibi yake na shangazi yake Zena. Nyumba ndefu, kuta nene, ndani baridi kama mtungini.

Na nyumba hiyo ilikuwa na choo ndani. Ndani, nasema! Siyo kule vichakani.

Babu yake Somoe ndiye aliyekijenga, zamani hizo. Mtaa mzima ulikuja kuchungulia.

"Choo ndani ya nyumba? Makubwa haya!" wakasema. Wakacheka sana. Kisha wakarudi kwao, na wao wakajenga.

Pembeni mwa choo palikuwa na birika. Siyo birika la chai, jamani! Nani ataoga kwenye birika la chai, labda panya.

Birika hili lilikuwa kama sanduku kubwa la mawe. Limepakwa chokaa nyeupe, limejaa maji ya kisima.

Ukitaka kuoga, unachota maji kwa kata. Kata ni kifuu cha nazi chenye mpini mrefu.

*Chubwi!* Unachota.
*Mwaa!* Unajimwagia.
Ahhh! Baridi hiyo!

Raha tupu. Ila palikuwa na jambo moja.

Mbu.

Mbu walitaga mayai birikani. Mayai yakawa viluwiluwi, wadudu wembamba, wanajinyonganyonga majini.

Viluwiluwi wakaota mabawa. Wakawa mbu, na mbu wakawa na njaa.

*Nziii!* Bibi akajipiga shavu. *Pa!*

*Nziii!* Somoe akajipiga mguu. *Pa!*

*Nziii!* Zena akajipiga paja. *Pa!* Ungepita nje ungedhani mna ngoma.

Sasa Zena alikuwa biharusi. Zilibaki siku saba aolewe.

Na biharusi hatoki nje. Anakaa ndani, anasuguliwa liwa, ule unga wa mti unaonukia, anang'aa.

Zena akang'aa kweli. Lakini mbu mmoja, mtovu wa adabu, akamuuma puani.

Pua ikavimba. Ikavimba, ikavimba, ikawa nyekundu.

Nani akaja kuchungulia? Bi Nunu, jirani. Mdomo wa Bi Nunu haukuwa na mlango.

"Hee! Biharusi gani huyu?" akasema Bi Nunu. "Pua kama andazi! Bwana harusi atamla na chai!"

Zena akalia. "Siolewi! Siolewi na pua hii!"

"Utaolewa," akasema Bibi. "Pua itashuka. Somoe, chukua kikapu. Twende shamba tukamchumie shangazi yako maua ya asumini."

Basi wakaenda shamba, Bibi mbele, Somoe nyuma. Bibi akachuma asumini. Somoe akachuma mawili matatu, akachoka.

Akaona kidimbwi cha maji ya mvua. Kidimbwi kilikuwa kinakauka. Kimebaki kidogo tu, kama uji sahanini.

Na ndani yake palikuwa na samaki. Mdogo, mfupi kuliko kidole chako cha mwisho. Tumbo lake la mviringo.

Samaki alikuwa anahema. Mdomo wazi, mdomo fyu. Mdomo wazi, mdomo fyu.

"Maskini!" akasema Somoe. "Maji yako yanakwisha. Nitakuita Kitumbo. Twende kwetu."

Akaokota kifuu cha nazi, akamchota. *Chubwi!* Akakifunika kwa kanga yake.

Lakini Bibi hakutaka mnyama ndani ya nyumba. Paka alifukuzwa. Kuku alifukuzwa. Hata mjusi wa ukutani aliambiwa ahame.

"Umebeba nini?" akauliza Bibi njiani.

"Maji, Bibi. Nina kiu."

Bibi akamtazama. Somoe akatazama mawingu.

Walipofika nyumbani, Somoe akaingia chooni mbio. "Mtoto ameshikwa na tumbo," akasema Bibi.

Ni kweli. Kitumbo!

*Chubwi!* Kitumbo akaingia birikani. Akazunguka huku, akazunguka kule. Maji mengi hivi hajawahi kuyaona.

Kisha akamwona kiluwiluwi anajinyonganyonga.

*Hap!* Mmoja.
*Hap!* Wa pili.
*Hap! Hap! Hap!*

Somoe akaziba mdomo asicheke. Siri yake hiyo, na ya Kitumbo.

Siku ya pili Zena akaenda kuoga. *Chubwi! Mwaa!* Mara akapiga kelele.

"Uwii! Somoe! Kuna kitu kimenitekenya mkono!"

"Ni baridi tu, shangazi!" Somoe akajibu kutoka ukumbini.

"Baridi ina mkia?"

Somoe huyo, mbio. Alikuwa ameshafika barazani.

Siku ya tatu, mbu walikuwa wachache. Siku ya nne, wachache zaidi. Siku ya tano, Bibi hakujipiga hata kofi moja.

Na pua ya Zena? Ikashuka. Ikashuka, ikashuka, ikarudi mahali pake.

"Ni udi wangu," akasema Bibi, na kichwa juu. "Ule ninaofukiza jioni. Umewafukuza mbu wote."

Bi Nunu akasikia. Akafukiza udi nyumbani kwake, mwingi, mpaka majirani wakadhani nyumba inaungua.

Bi Nunu akakohoa. *Kho! Kho! Nziii! Pa!* Mbu wake hawakwenda popote.

Siku ya sita, asubuhi, Bibi akakunja mikono ya gauni. Akashika ufagio.

"Kesho wageni wanakuja," akasema. "Leo tunamwaga birika lote. Tunalisugua, tunaliacha likauke."

Moyo wa Somoe ukaruka. Likauke? Na Kitumbo?

Birika kavu, samaki atahemaje? Mdomo wazi, mdomo fyu. Mdomo wazi, mdomo fyu, halafu basi.

Somoe akakimbilia jikoni. Akachukua kifuu, akakitia birikani. Kifuu kikaelea, kikapinduka. *Bilu!*

Akachukua kawa la kufunikia chakula. Lina matundu. Halifai.

Akataka kitu kizito. Kitu chenye kina. Kitu kinachoshika maji.

Akakimbilia ukumbini, akainua macho. Ukutani palikuwa na vidaka, vile vishimo vya kupangia vyombo vya urembo. Na katika kidaka cha kati palikuwa na bakuli la Bibi.

Bakuli la kaure kutoka Uchina! Jeupe, lina maua ya buluu. Hilo haliguswi. Hata vumbi likitaka kutua hapo linabisha hodi.

Somoe akapanda juu ya kiti. Akalishusha kidakani. Akalibeba kama mtu anavyobeba kitoto kichanga.

*Duuu.* Bakuli likazama polepole. Likakaa chini kabisa, katikati ya birika.

Hapo Bibi akaingia. Hakuona kitu, maji yalikuwa juu. Akazibua kizibo cha birika.

*Ghorororo!* Maji yakaanza kutoka.

Yakashuka. Kitumbo akazunguka huku.

Yakashuka tena. Kitumbo akazunguka kule.

"Ingia bakulini!" Somoe akanong'ona. "Kitumbo, ingia!"

Kitumbo hakusikia. Samaki hawana masikio kama yako. Akaenda pembeni, kwenye maji machache, tumbo linagusa jiwe.

*Ghorororo!* Maji yakashuka tena.

Somoe hakuweza kuvumilia. Akarukia ndani ya birika na nguo zake mwilini. *Chubwi!*

Akapanga viganja kama ukuta. Akamswaga Kitumbo taratibu, taratibu, kama mtu anavyoswaga kifaranga.

*Mlop!* Kitumbo akaingia bakulini.

*Ghro. Ghro.* Birika likakauka. Likabaki bakuli katikati, limejaa maji. Na ndani ya bakuli, samaki.

"Bakuli langu!" akasema Bibi. Kisha akaangalia vizuri. "Samaki! Tumekuwa tukioga na samaki?"

"Nilijua!" Zena akapaza sauti kutoka chumbani. "Nilisema ina mkia!"

Na unadhani nani alikuwa ameshafika mlangoni? Bi Nunu. Kelele hazimpiti yule.

"Hee! Nyumba inayooga mchuzi!" Bi Nunu akacheka mpaka akashika ukuta. "Wageni wakija kesho, wapewe na ndimu!"

Bibi akaona haya. "Somoe, mtoe huyo. Kamtupe."

Machozi yakamtoka Somoe. Matone makubwa.

"Bibi, atakufa. Na yeye ndiye anayekula viluwiluwi. Siyo udi. Ni Kitumbo."

"Siyo udi?" akauliza Bibi.

"Siyo udi."

"Uongo wa mtoto!" akasema Bi Nunu. "Samaki ale mbu? Mbu anaruka, samaki anaogelea. Wanakutana wapi?"

Somoe akapangusa pua. "Bi Nunu, birika lako lina viluwiluwi?"

Bi Nunu akakohoa. Akajikuna mkono.

"Basi tuletee kata moja tu ya maji yako," akasema Somoe. "Tafadhali."

Bi Nunu akaenda kwake. Akarudi na kata imejaa. Loo! Viluwiluwi tele, wanacheza kama wako harusini.

Bibi akaichukua kata. Akaimimina bakulini, polepole.

Wote wakainama. Hata Zena akachungulia.

Kitumbo akatazama. Akakaa kidogo. Somoe akafumba macho.

*Hap!* Mmoja.

Somoe akafumbua jicho moja.

*Hap!* Wa pili.
*Hap! Hap! Hap!*

"Watano! Sita! Saba!" Zena akahesabu. "Huyo amemla mkubwa! Huyo mkubwa zaidi!"

Bakuli likabaki safi. Tumbo la Kitumbo likazidi kuwa la mviringo.

Bi Nunu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Bibi ndiye akaanza kucheka. Akacheka, akakaa ukingoni mwa birika, akacheka tena. "Nami najisifu na udi wangu!"

Kisha akamvuta Somoe, mtoto ameloa chapa, akamkumbatia.

"Samaki wako atabaki," akasema Bibi.

"Na bakuli lako, Bibi?"

Bibi akalitazama bakuli lake la maua ya buluu. Akavuta pumzi.

"Kidakani lilikuwa linatazamwa tu," akasema. "Hapa lina kazi. Nalo libaki."

"Bakuli la kaure chooni!" Bi Nunu akapata sauti yake. "Watu watasema!"

"Waseme," akajibu Bibi. "Nawe uwasaidie, usiwaache peke yao."

Kesho yake ikawa harusi. Vigelegele! Zena akatoka, anang'aa, pua yake ndogo, nyororo, imetulia katikati ya uso.

Harusi ilipokwisha, akaja Fundi Mbwana na chokaa yake. Akalijengea bakuli ndani ya birika, chini kabisa, imara, lisihame.

Tangu siku hiyo, birika likimwagwa, Kitumbo anaingia bakulini mwenyewe. Anangoja. Maji mapya yakija, anatoka, anaoga wa kwanza.

Mvua ikanyesha. Kule shamba kidimbwi kikajaa tena, samaki wadogo wakacheza.

Asubuhi moja Somoe akapita pale. Akaona mtu katikati ya kidimbwi, kanga ameikunja magotini, kifuu mkononi, anabembeleza maji.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama. Nina birika kubwa, nina bakuli zuri. Njoo, usinitie aibu!"

Alikuwa nani? Bi Nunu!

*Chubwi!* Akateleza, akakaa matopeni, pwaa! Lakini kifuu kiko juu, na ndani yake samaki.

"Usimwambie mtu, Somoe," akasema Bi Nunu.

"Simwambii, Bi Nunu," akasema Somoe.

Hakumwambia mtu. Alimwambia Bibi tu. Bibi akamwambia Zena tu. Zena akamwambia mumewe tu. Ndivyo nilivyopata habari mimi.

Jioni ile Somoe akaenda kunawa miguu kabla ya kulala. Akainama juu ya birika.

"Lala salama, Kitumbo."

Kitumbo akazunguka mara moja, akatulia juu ya ua la buluu.

Samaki yule ameona mengi, wanangu. Anajua nani anaoga bila sabuni. Anajua nani anaimba chooni, na sauti hana. Anajua nani hujificha humo asioshe vyombo.

Na hajasema neno. Hata moja!

Ningekuwa mimi samaki, mngeshayajua yote.

Haya, kanaweni miguu mlale.