Dagaa wa Wapi?

Kila asubuhi kabla ya shule, Winfrida alimsaidia mama yake kupanga dagaa mezani, katika soko la Mwanga, Kigoma. Wateja walisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" na hata kabla ya bei waliuliza, "Dagaa wa wapi hawa?"

"Wa Mwamgongo," mama alijibu bila kusita, akitaja kijiji cha wavuvi walikotoka.

Siku hiyo Winfrida hakuwa na raha. Yeye na rafiki yake Calixte wangesoma darasani ripoti yao kuhusu usafi wa ziwa, na ripoti bora ingepelekwa kwenye mashindano ya mkoa. Calixte alikuwa amewahoji wavuvi mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Winfrida, kwa uvivu wake, alikuwa amenakili sehemu yake yote mtandaoni.

Calixte ndiye aliyesoma. "Gugumaji, mmea unaoelea majini, limefunika mwalo wetu wote..."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Gasper hakucheka.

"Gugumaji hilo umeliona mwalo gani hapa Kigoma, Calixte?"

Calixte aliitazama karatasi, kisha akamtazama Winfrida.

"Mmeyatoa wapi haya? Mbona hakuna marejeo? Kazi ya kuiba haiendi mkoani. Lete karatasi. Umejiondoa mwenyewe."

Winfrida angenyamaza tu, yangeishia kwa Calixte. Lakini kumwona rafiki yake akirudi kwenye dawati ameinamisha kichwa kulimuuma mno.

"Mwalimu, sehemu hiyo ni yangu," alisema akisimama. "Nimeinakili kwenye tovuti. Mwandishi alieleza habari za Ziwa Victoria, mimi nikaacha 'mwalo wetu' vilevile. Calixte hakujua."

Mwalimu Gasper aliiweka karatasi mezani.

"Wateja wa mama yako huuliza nini kwanza?" mwalimu aliuliza.

"Dagaa wa wapi."

"Na mama akisema hajui?"

"Hawanunui, mwalimu."

"Basi na msomaji ni mteja. Ukichukua habari ya mtu, taja jina lake, mwaka, kichwa cha habari, anwani ya tovuti na tarehe uliyoisoma. Anayetilia shaka ataenda kuhakikisha. Calixte hana kosa. Wewe andika upya, niione kesho."

Kesho yake Mwalimu Gasper alipitisha kidole kwenye marejeo, mstari kwa mstari, huku Winfrida akishikilia ukingo wa meza. Tovuti ilikuwapo, na habari za gugumaji sasa zilitajwa kuwa za Ziwa Victoria. Wavuvi waliohojiwa na Calixte nao walitajwa kwa majina.

Hatimaye mwalimu akainua uso.

"Ulinakili kwa uvivu, ukasema kweli kwa ujasiri. Hilo la pili usiliache maishani. Mtakwenda mashindanoni wote wawili, maana sasa najua dagaa hawa ni wa wapi."